Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024 wa Wachora Mabango na Kuta, Temeke, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, wazee wa fani, na vijana mnaojifunza chini yetu,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawajibika kuwaeleza jinsi mwaka ulivyokwenda. Hesabu atazisoma Mhazini, naye ndiye wa kuulizwa habari za ada. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe, na zaidi jambo moja ambalo limenikera mwaka mzima: kazi zetu zimejaa mjini, lakini hazina jina.

Kazi iliyotupa heshima kubwa mwaka huu ni kurudia ramani za Tanzania kwenye kuta za shule za msingi. Ramani nyingi tulizozikuta zilichorwa kabla ya Machi 2012, wakati Geita, Katavi, Njombe na Simiyu hazijawa mikoa, na hata zilizochorwa baadaye baadhi yake hazikuwa na Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa hiyo mtoto alikuwa akifundishwa darasani kwamba nchi ina mikoa 31, kisha akitoka mapumziko anahesabu ukutani na kupata 26. Mafundi wetu walikwangua rangi ya zamani, wakapiga msasa, wakapaka mikono miwili ya rangi nyeupe, halafu wakanyoosha uzi uliopakwa chaki na kuuachia ukutani ili ugawe ukuta katika miraba, wakahamisha ramani mraba kwa mraba kutoka kwenye kitabu. Katika shule moja mpaka wa Songwe ulifutwa na kuchorwa upya mara tatu, kwa sababu mwalimu wa jiografia alisimama nyuma ya fundi tangu asubuhi na hakuridhika mpaka Momba na Ileje zilipokaa mahali pake. Fundi alinung'unika, mimi namshukuru mwalimu yule.

Niliyataja haya kwa kirefu kwa sababu wengi wetu hujidharau, tukisema sisi ni watu wa kuandika “Saluni ya Kisasa” na kuondoka. Jiji hili lina mitaa mingi ambayo wakazi wake hawaelekezani kwa namba za nyumba. Mgeni huambiwa ashuke kwenye ukuta wenye simba, apite duka lenye picha ya ng'ombe, akate kushoto penye kinyozi aliyechorewa kichwa cha denge. Anayefika salama hajui kwamba ameongozwa na fundi, na pengine fundi huyo bado anadai nusu ya malipo yake. Daladala nazo huvaa michirizi ya rangi kulingana na njia zake, na mikono iliyopaka michirizi hiyo baadhi yake imo humu ukumbini. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Barabara ya Morogoro mwaka 2016 na daladala zikaondolewa huko, tulioumia si madereva na makondakta peke yao.

Kuhusu mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, naomba tuseme ukweli. Mteja anayaagiza asubuhi na kuyatundika jioni, na bei yake wakati mwingine ni ndogo kuliko gharama yetu ya rangi na tina ya kuiyeyushia. Ni kweli pia kwamba jua la Dar es Salaam huyapausha upesi na upepo huyachana pembeni, ilhali rangi ya mafuta iliyopakwa vizuri juu ya bati hukaa miaka. Lakini hoja hiyo haina nguvu mbele ya mteja aliyewahi kutoa kianzio, akapigiwa simu kwamba fundi amepata msiba, kisha akamwona fundi huyo huyo juu ya ngazi mtaa wa pili akichora duka la mtu mwingine. Malalamiko ya aina hii yamenifikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mashine haijatunyang'anya wateja hao, tumewafukuza wenyewe.

Sasa nirudi kwenye jina. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja alikuta picha aliyoichora kwenye ukuta wa mgahawa imechapwa kwenye fulana na mfanyabiashara ambaye hakumwomba ruhusa wala kumlipa hata soda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini tulipokaa kumsaidia kuandaa madai, hatukuwa na kitu cha kushika. Picha haikuwa na saini, haikupigwa picha siku ilipokamilika, na makubaliano yalifanyika kwa mdomo wakati wa chai.

Linganisheni na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa jijini mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yaani mbao nyembamba ngumu za kiwandani. Hakuwa na shule ya sanaa, wala rangi zake hazikuwa bora kuliko zetu. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na waliomfuata waliunda ushirika mwaka 1990. Mtalii anaweza asijue lolote la Tunduru, lakini akifika sokoni anaulizia Tingatinga.

Kamati kwa hiyo inaleta mbele yenu pendekezo kwamba kila kazi, hata bango la genge, iwe na saini ya fundi na mwaka kwenye kona ya chini kulia, kwa herufi zisizozidi upana wa vidole viwili, na picha yake ipelekwe kwa Katibu siku hiyo hiyo. Najua wapo wateja watakaosema ukuta wao si mahali pa kutangazia biashara ya fundi. Wenye msimamo huo waelezwe kwa adabu kabla kianzio hakijapokelewa.

Kwa upande wa mikopo inayotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, vikundi vya wanawake na vijana waonane na Katibu awasaidie kujaza maombi kwenye mfumo wa mtandaoni. Wazee wenzangu, fungu letu humo halimo.

Kura ya saini itapigwa baada ya chakula, na ndoo ya rangi iliyobaki shuleni ipo mlangoni kwa anayetaka kujaribu mkono wake kwenye ubao.