Barua kutoka Aigues-Mortes

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Lindi. Mimi mzima, alhamdulillah. Siku ile kwenye simu uliniuliza mji niliohamia ukoje, nami nikakujibu haraka tu kuwa ni mji wa chumvi. Leo nimetulia, nikusimulie vizuri, maana wewe uliyekulia kwenye majaruba ya baba utaielewa habari hii kuliko wengi.

Aigues-Mortes uko kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Gard, kwenye vinamasi vya magharibi ya mto Rhône. Nchi yenyewe ni tambarare tupu, kwa hiyo unauona ukuta wa mji ungali mbali sana. Ukuta huo wa mawe una urefu wa zaidi ya mita 1,600, umezunguka mji wa kale wote, na mpaka leo umesimama mzima.

Mwanzilishi wake ni mfalme Louis IX. Alitaka kwenda kupigana Vita vya Msalaba huko Mashariki, na hakuwa na bandari yake kwenye Mediterania. Marseille wakati ule haikuwa ndani ya ufalme wake. Mwaka 1240 akaipata ardhi hii kwa watawa wa Psalmody, akajenga mnara, na mwaka 1246 akawapa haki maalumu watakaokubali kuhamia, kwani nani angependa kuja kuishi na mbu? Agosti 1248 akatweka tanga kuelekea Saiprasi na Misri. Mwaka 1270 akaondokea hapa tena, akafia Tunis. Ukuta wameumaliza mwanawe na mjukuu wake. Watu hupenda kusema bahari ilikuwa ikipiga ukutani. Si kweli: vyombo vilipita kwenye mifereji na maziwa ya maji chumvi, na tope la mto likawa linaziba njia kila mara. Provence na Marseille yake zilipoingia Ufaransa mwaka 1481, bandari hii ikakosa kazi.

Lakini ule mnara, Mwanaidi! Wanauita Mnara wa Constance, na kuta zake zina unene wa mita 6 hivi. Baada ya Louis XIV kufuta haki za Waprotestanti mwaka 1685, ukageuzwa gereza, na baadaye likawa la wanawake. Marie Durand alitiwa humo mwaka 1730 akiwa na umri wa miaka 19. Kaka yake, mhubiri, alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie angetamka tu kwamba ameiacha dini yake, angefunguliwa. Hakutamka. Alitoka mwaka 1768, miaka 38 baadaye. Katikati ya chumba cha juu kuna tundu la duara sakafuni, na kwenye ukingo wake wa jiwe pamechongwa herufi zisizolingana: REGISTER, yaani résister, “kupinga” kwa Kifaransa, wito wa kutosalimu amri. Husemwa ni mkono wake. Mimi nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Sasa chumvi. Majaruba yako kusini tu ya ukuta, na maji yake ni ya waridi kwa sababu ya vijimwani vinavyostawi kwenye chumvi kali. Heroe wamejaa. Jua na upepo vinakausha maji, na mwisho wa kiangazi chumvi inavunwa na kurundikwa vilima vyeupe kama theluji. Siku hizi mashine ndizo zinazovuna, ila zamani ilikuwa vibarua, na hapo ndipo pana doa ambalo mji haupendi kulisemea kwa sauti. Agosti 1893 kampuni ya chumvi ilichanganya Wafaransa na Waitaliano kwenye makundi ya kazi, malipo kwa kiasi cha chumvi kilichotolewa. Waitaliano walikwenda mbio. Waliochoka wakaonekana wanawapunguzia wenzao fedha. Ugomvi ukazuka, uvumi ukaenea mjini kwamba Waitaliano wameua watu, na tarehe 17 umati ukawavamia kwa marungu wakiwa wanasindikizwa na askari. Waliuawa wanane kwa uchache, makumi wakajeruhiwa. Kesi ilisikilizwa Angoulême; washtakiwa wote wakaachiwa. Mimi mgeni wa hapa nikipita njia ile siwezi kutowawaza wale vijana.

Ndiyo maana nina swali, na unijibu kwa kirefu: baba alikuwa akiwalipa vibarua wa majaruba kwa siku au kwa gunia? Na watu wa kutoka bara waliokuja wakati wa mavuno, walikaa vipi na wenyeji?

Wako akupendaye,
Saada