Fungeni Somo, Kisha Mwandike: Barua kwa Vijana Wanaojifunza Wenyewe

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mnaojifunza bila mwalimu wala darasa. Wengine mnataka kujua kuandika, wengine kutengeneza programu za kompyuta, na wachache mnavitaka vyote viwili. Nimewasikia mkilalamika: "Mzee, nikisoma naelewa, lakini nikikaa kufanya mwenyewe sijui nianzie wapi." Lalamiko hilo nalijua vizuri, maana lilinipata nikiwa tayari na mvi kichwani.

Nilipoanza kujifunza Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, nilitazama video za mafunzo miezi mitatu mfululizo. Kila mstari alioandika mkufunzi niliuelewa. Siku nilipofungua faili tupu ili niandike programu ndogo ya kuomba namba mbili na kuzijumlisha, vidole viliganda. Miezi yote ile nilikuwa nimejizoeza kutazama tu.

Nilihangaika hadi programu ikakubali. Nikaingiza 12, nikaingiza 5. Jibu likaja: 125. Nililikodolea macho jibu lile muda mrefu, kwa sababu hapakutokea ujumbe wowote wa kosa. Kompyuta ilikuwa imefanya kile hasa nilichoiagiza. Python ikipokea kitu kwa amri ya input, hukichukua kuwa maandishi hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi mawili yakijumlishwa huunganishwa tu, moja nyuma ya jingine. Dawa yake ni kuyageuza kwanza yawe namba kwa amri ya int. Mkufunzi alikuwa amelieleza jambo hilo waziwazi, lakini halikuniingia mpaka liliponikwamisha mwenyewe, na tangu siku ile sijalisahau.

Basi ombi langu kwenu ni hili: mkimaliza somo, lifungeni. Msiliache wazi pembeni mkilichungulia. Fungueni ukurasa mtupu, andikeni kwa kumbukumbu kile mlichokiona, halafu ndipo mrudi kulinganisha. Pale mlipokwama ndipo penye somo lenu la siku hiyo.

Kwa wanaojifunza kuandika, njia hii ina umri mrefu. Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1706, aliacha shule akiwa na miaka kumi na baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Baba yake alimwonyesha kwamba maandishi yake hayakuwa na mvuto wala mpangilio mzuri. Kijana akapata makala za gazeti moja la London alizozipenda. Alisoma makala, akaandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi, akaiweka kando siku kadhaa. Kisha, bila kuitazama, akaiandika upya kwa maneno yake na kuilinganisha na ile ya awali. Aligundua kwamba maneno yalimpungukia, akawa anageuza hadithi kuwa mashairi na baadaye kuyarudisha kuwa nathari, ili alazimike kutafuta maneno mengine. Mara nyingine alivuruga madokezo kwa makusudi, akahangaika kuyapanga. Muda wake ulikuwa usiku baada ya kazi, au alfajiri kabla ya kazi kuanza. Mtu anayeniambia hana nafasi huwa namkumbusha saa hizo.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi. Waliorudia kusoma kifungu walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka bila kitabu ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana kurudia kusoma hutudanganya: papo hapo tunajiona hodari.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba, kwamba inaandika programu na insha kwa sekunde chache. Itumieni, lakini baada ya kujaribu. Ipe kazi yako iliyokwama uiombe ikueleze ulipokosea. Ukiiomba ikufanyie yote, umemlipia mwenzako ada ya masomo. Kunakili na kubandika hakujawahi kumfundisha mtu.

Kuhusu lugha gani ya programu uanze nayo, usipoteze wiki nzima ukibishana. Chukua moja ukae nayo. Ujumbe wa kosa nao usikutishe. Katika Python anza kuusoma mstari wa mwisho, maana ndio unaotaja aina ya kosa, kisha panda juu kidogo utaona namba ya mstari lilipotokea. Usome kwa sauti. Makosa mengi niliyoyafanya mwanzoni yalikuwa mabano yasiyofungwa, nukta pacha niliyoisahau, au jina nililoliandika kwa herufi tofauti mara ya pili.

Wanangu, najua upweke wa kazi hii. Hakuna anayekugongea mlango kukuuliza umefikia wapi. Kwa hiyo mtafute mwenzako mmoja anayejifunza kama wewe, mbadilishane kazi kila wiki hata kama hazijakamilika. Na asiye na mwenzake aniletee mimi. Leteni aya zenye mikwaruzo na programu zinazotoa 125 pahali pa 17. Nitazisoma zote, mstari kwa mstari.

Wenu anayewapenda,
Mzee wenu