Wanaotafuta mfasiri wa Kiamhari, someni kwanza

Habari zenu wanakikundi. Kabla ya kulipa, mwulizeni mfasiri wa vyeti vya Kiamhari (lugha ya Ethiopia) tarehe atazifanyaje. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8 na ina miezi 13, kwa hiyo mwaka wa kwenye cheti ukinakiliwa ulivyo, umri hautalingana na pasipoti na faili litarudishwa. Aandike tarehe zote mbili. Saa Waethiopia wanahesabu kama sisi: saa 2 asubuhi ndiyo 8:00, hapo Waswahili hatupotei. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi. Bei iwe kwa ukurasa, mhuri ukiwemo.

Anayejifunza Kiamhari aanze na fideli, yaani mwandiko wake: herufi 33 za msingi, kila moja sura 7. Ukitegemea alfabeti ya Kilatini, hata kibao cha duka kilichoandikwa kwa Kiamhari hukisomi.