Barua kwa Zuhura kuhusu kuhamia Florida

Tampa, Florida
14 Machi 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ramadhani karim kwako, kwa Salim, kwa Mama na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na saumu zaenda vyema. Ujumbe wako niliusoma baada ya futari, nikausoma tena baada ya taraweh, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu huku mtu anaosha vyombo. Waniuliza mhame Brooklyn Park, Minnesota, mje Florida, au mkae huko huko. Nasema njooni, lakini si kwenye ile fleti ya ufukweni uliyonitumia picha, na si kabla hujamaliza suala la matibabu ya Mama.

Najua kinachokusukuma. Baridi ya Minnesota kwa mtu wa Kisauni, Mombasa, aliyekwisha kuwa mtu mzima ni kifungo. Mama anaingia ndani Novemba na kutoka Aprili, magoti yanakaza, na hata hamu ya kula inampotea. Hapa Tampa mwezi wa Januari mchana kwa kawaida huwa nyuzijoto ishirini na kitu. Mtu hujifunga leso yake, akatoka, akazunguka mtaa, akarudi. Mzee anayetembea kila siku hubaki na nguvu zake, nami nimeliona hilo kwa wazee wa hapa msikitini. Hili ndilo jema kubwa kuliko yote, na hayo mengine nitakayokwambia hayaliondoi.

Chakula nacho atakipenda. Tampa ina Wakuba na Wapuertoriko wengi, na vyakula vyao ni vyetu kwa majina mengine. Muhogo mbichi umejaa madukani, ndizi za kupika zipo mwaka mzima, nazi zipo. Zile mbaazi zao wanazoziita gandules ni mbaazi zetu hasa, za kopo au za barafu. Mimi huzimwagia tui zito na kitunguu, asubuhi ya Jumapili na mahamri, na watu wa nyumbani hawajalalamika. Msimu wa maembe ukifika, kuanzia Juni, kuna watu wana miembe uani na huyauza mbele ya nyumba.

Lakini usije ukidhani unakuja Mombasa. Mombasa jua likichoma kuna upepo. Kusi inavuma, mtu anakaa barazani, usiku unapoa. Hapa Julai na Agosti ni nyuzijoto 32 au 33 kila siku, hewa imejaa maji, na usiku hakupoi kwa kiasi cha kukufaa. Watu hawakai nje. Wanatoka nyumba yenye kiyoyozi, wanaingia gari lenye kiyoyozi, wanafika kazini kwenye kiyoyozi, na bili ya umeme inafuata. Alasiri ikifika mbingu zinafunga, radi zinapiga kwa fujo kwa saa moja, kisha jua linarudi na mvuke unapanda kutoka lamini. Usipoendesha kiyoyozi, koga inaota kwenye viatu vya ngozi kabatini na kwenye mikoba, na nguo za hariri zinanuka uvundo. Mwanao mwenye pumu usimfiche daktari jambo hili. Kwa wengine baridi kavu ndiyo inayowasumbua, kwa wengine ni koga. Muulizeni kabla.

Kuhusu pesa, Salim ana haki ya kufurahi kidogo. Florida haina kodi ya mapato ya jimbo. Minnesota inamkata kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85 kadiri pato linavyopanda, na hapa sehemu hiyo inabaki mfukoni. Ila asiishie hapo kwenye hesabu yake. Mishahara mingi ya huku iko chini. Kima cha chini cha jimbo kinapandishwa kidogo kidogo hadi dola 15 kwa saa Septemba 2026, kwa sababu wapiga kura waliamua hivyo mwaka 2020. Bima ya gari ya Florida ni miongoni mwa ghali kabisa Marekani, na bila gari huku huendi popote, mabasi ni haba, kwa hiyo mtahitaji mawili. Barabara nyingi za haraka ni za kulipia. Na wewe leseni yako ya uuguzi ina kazi yake: Florida imo katika mkataba wa majimbo yanayotambua leseni moja, Minnesota haimo, basi itabidi uombe leseni ya Florida. Omba ukiwa huko huko bado kazini, usije ukakaa hapa miezi ukisubiri karatasi.

Sasa nyumba, na hapa nakuomba usome polepole.

Mwaka jana tulipigwa na vimbunga mara mbili. Helene ilitua tarehe 26 Septemba mbali kaskazini, karibu na Perry, na jicho lake halikutukaribia hata kidogo. Lilipita mbali baharini. Hata hivyo bahari ilipanda zaidi ya futi 6 juu ya kawaida katika Ghuba ya Tampa na ikaingia majumbani. Mwenzangu mmoja kazini anakaa Shore Acres, mtaa ulio chini kabisa katika mji jirani wa St. Petersburg, na tulikwenda kumsaidia. Mtaa mzima ulikuwa umetoa matumbo yake nje: magodoro, friji, makochi, vitabu vya watoto, kila nyumba na lundo lake kando ya njia. Ndani tulikata jipsamu ya ukuta kote, kutoka sakafuni hadi kiunoni, kwa sababu ikinywa maji ya chumvi haikauki, inaota kuvu. Harufu yake ni ya matope ya mikoko iliyochanganyika na kinyesi. Malundo yale hayajazolewa, wiki mbili baadaye, usiku wa tarehe 9 Oktoba, Milton ikatua Siesta Key, kusini kwetu. Upepo ule ulipasua paa la uwanja wa besiboli wa St. Petersburg, na zaidi ya wateja milioni 3 Florida walikosa umeme. Mvua ilikuwa kubwa hata watu wa karibu na chuo kikuu, mbali kabisa na ufukwe, waliamka maji yako ndani.

Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Kaunti za huku kwetu zina ramani ya kuhama, zoni A mpaka E, na A ndiyo ya kwanza kuamriwa kutoka. Watu huichanganya na ramani nyingine ya mafuriko ya serikali kuu ambayo benki huitumia kwa mikopo. Ni ramani mbili tofauti. Nyumba inaweza kuwa salama kwenye moja na hatarini kwenye nyingine, basi angalia zote mbili kwa kila anwani kabla hujapenda jiko. Na nyumba za kuburutwa (mobile homes), hata zikiwa bara, wakaaji wake kwa kawaida huamriwa kutoka kila amri ya kuhama inapotolewa.

Kisha bima. Bima ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko ni nyingine, na ile ya mpango wa serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, hivyo hainunuliwi kimbunga kikishaonekana kwenye televisheni. Hata bima ya kawaida ina kipengele chake cha vimbunga: kabla kampuni haijalipa, wewe unabeba asilimia ya thamani iliyokatiwa bima, mara nyingi 2 na wakati mwingine 5 au zaidi. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 kutoka mfukoni mwako paa likiondoka. Kampuni nyingi hazitaki paa la zamani, kwa hiyo mwaka wa paa uliza kabla ya kuuliza bei. Uliza pia nyumba ilijengwa lini. Baada ya Kimbunga Andrew cha 1992 sheria za ujenzi zilikazwa, na kanuni moja ya jimbo zima ilianza kutumika 2002. Mimi nyumba ya baada ya mwaka huo ingenipa usingizi zaidi.

Ndiyo maana ile fleti yako ya ufukweni, ya Clearwater, imenitia wasiwasi. Bei yake ni ndogo kwa sababu. Tarehe 24 Juni 2021 jengo la fleti liliporomoka usiku Surfside, karibu na Miami, wakafa watu 98. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria: majengo ya fleti ya ghorofa tatu na kuendelea yakifika miaka 30 lazima yakaguliwe, na wenye fleti waweke akiba ya kweli ya matengenezo badala ya kuahirisha kila mwaka. Ni sheria nzuri, imechelewa tu. Lakini gharama imewaangukia wenye fleti kwa pamoja, ada za mwezi zimepanda, na wengine wanauza haraka kabla bili kubwa haijafika. Tangazo lako linasema jengo ni la 1978 na halisemi lolote juu ya ripoti ya ukaguzi. Dalali asipokupa ripoti hiyo na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki, achana naye.

Jambo la Mama naliweka mwisho lakini kwangu ndilo la kwanza. Huko anatibiwa kwa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo lenu. Florida haikupanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kama majimbo mengine yalivyofanya, na mtu mzima mwenye kadi ya kijani ya ukaazi ambaye hajatimiza miaka 5 kwa kawaida haipati. Mama ana miaka miwili tu. Lipo soko la bima la serikali kuu na anaruhusiwa kununua humo, tena mkihama ana siku 60 za kujiandikisha bila kungoja msimu, lakini atalipia kila daktari na dawa zake za presha na sukari zitakuwa na bei. Sipendi ahame baridi aje akose dawa. Keti na Salim mpige hesabu ya Mama peke yake, muone kama ile kodi mtakayookoa inatosha kumbeba.

Na utawakosa watu, Zuhura. Huko ukitoka unakwenda Karmel, soko la Wasomali, unapata nyama ya halali, sambusa, mtu wa kukushonea dera, na harusi kila wiki. Hapa Waswahili tupo, tunajuana, lakini tumetawanyika, na kumfikia mwenzio ni nusu saa ya gari. Watoto watazoea kwa sababu ya bahari. Wewe mwaka wa kwanza utakuwa mpweke, na mimi nitakuja, ila si kila siku.

Kama mtaamua, pangeni kwanza. Msinunue hadi muwe mmepita msimu mzima wa vimbunga, na nyumba ya Minnesota ikiwezekana mpangishe, msiuze. Tafuteni upande wa bara, Temple Terrace au Brandon, nje ya zoni zote za herufi na mbali na mto. Na msije kuangalia wakati wa Idd, hewa ya sasa itawadanganya. Njooni Julai watoto wakiwa likizo, mlale kwetu wiki mbili, Mama aonje joto lenyewe kisha aseme mwenyewe.

Nibusie Mama mikono. Nitumie tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake kwamba ndipo alipoanza ukaazi, na orodha ya dawa zake na vipimo. Yuko dada hapa msikitini anashughulika na bima hizi, nitamwona Ijumaa ijayo.

Wako akupendaye,
Mwanaisha