Paa yupi, paa lipi?

Mhariri,

Ukurasa wako wa watoto wa Jumapili iliyopita ulikuwa na maneno kumi, kila neno na maana moja mbele yake. "Paa: sehemu ya juu ya nyumba." Basi. Umenikumbusha karatasi niliyoisahihisha nikiwa mwalimu kijana. Swali lilisema, "Eleza maana ya neno kaa." Mwongozo ulitaka "keti". Mtoto mmoja akaandika "mnyama wa majini mwenye magando". Nikampa kosa kwa wino mwekundu. Alikuja mezani kwangu akauliza, "Mwalimu, kaa si yule anayetembea upande?" Nikamwambia, "Nenda ukakae." Akaenda, akakaa.

Miaka imepita, na bado linaniuma. Mtoto alikuwa na maana zote mbili kichwani, na niliposema "ukakae" hakubabaika hata kidogo. Mimi ndiye niliyemnyima sentensi kwenye mtihani, kisha nikamwadhibu kwa kubuni ya kwake.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, David Swinney, alichapisha jaribio lililofanywa kwa Kiingereza. Watu walisikiliza sentensi zenye neno la maana mbili, huku wakioneshwa herufi kwenye skrini waamue kama ni neno la kweli. Neno tata liliposikika tu, maana zote mbili ziliamka akilini, hata pale sentensi ilipokwisha kuelekea upande mmoja. Silabi tatu baadaye ilibaki ile inayofaa. Kazi yote hiyo tunaifanya bila kujua, na orodha ya maneno makavu haimpi mtoto nafasi ya kuifanya.

Kiswahili kina msaada wake. Nikisema "paa" unasubiri kidogo. Nikiongeza "linavuja" tuko ndani ya nyumba, nikiongeza "amekimbia" tuko porini. Kiambishi kimoja kimetosha. Ila "Asha amepanda mti" hakuna kiambishi kitakachokuokoa: lazima ujue kutoka sentensi ya jirani kama Asha alishika jembe au alishika tawi.

Nakuomba, Mhariri, punguza maneno yawe matano, na kila moja lipewe sentensi mbili zenye maana tofauti. Maana yenyewe mwachie mtoto aitafute. Na walimu wenzangu, kabla hamjaweka alama ya kosa, mwulizeni mtoto alikuwa akifikiria sentensi gani.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili