Shift mara tano si virusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye maduka ya steshenari, vibanda vya intaneti na vyuo vya kompyuta kuhusu jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu ajali ya pikipiki iniachie mkono mmoja tu wa kufanyia kazi.

Mwenye mikono miwili haoni shida kuandika herufi kubwa au alama ya @, kwa kuwa kidole kimoja hushikilia Shift na kingine hubonyeza kitufe cha pili. Mimi nywila ya namna hiyo ilinitoa jasho, na Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja sikuziweza kabisa, mpaka nilipoonyeshwa kwamba katika kompyuta ya Windows ukibonyeza Shift mara tano mfululizo hujitokeza kidirisha kinachouliza kama unataka kuwasha Sticky Keys. Ukikubali, unabonyeza Shift na kuiachia, nayo kompyuta huikumbuka hadi ubonyeze kitufe kinachofuata. Huduma hii imo ndani ya Windows tangu toleo la mwaka 1995, na haihitaji malipo wala intaneti.

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kujaza maombi ya kazi. Kijana wa zamu alipoona kidirisha hicho alikifunga upesi akidai mashine imeingia virusi, kisha akanihamishia nyingine ambayo njia hiyo ya mkato ilikuwa imezimwa, eti kwa sababu inawakera watoto wanaocheza gemu. Simlaumu sana, maana hakuna aliyemfundisha. Hata Filter Keys, ambayo huwaka ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane na kuifanya kompyuta ipuuze mibonyezo ya haraka au ya kujirudia, humfaa sana mzee anayetetemeka mikono. Lakini mteja akiiwasha bila kujua, kibodi huonekana imekufa, na sijui ni ngapi zimekwisha kutupwa zikiwa nzima.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Sidai mitambo ya gharama. Ninachoomba ni kwamba njia hizo za mkato ziachwe zikifanya kazi, na wahudumu wafundishwe kufungua mipangilio yake kwa kitufe cha Windows pamoja na U, ambavyo hata mkono mmoja unavifikia. Wajue pia kwamba mtu akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, Sticky Keys kwa kawaida hujizima. Kwa hiyo anayetaka kunisaidia kuandika aniulize kwanza, na akitaka kuizima asubiri nimalize na kuondoka.

Msomaji wako,
Morogoro