Mdogo wangu wa Uyole, dawa usiziache kwanza

Mdogo wangu,

Mama kaniambia umepata nafuu na sasa unataka kuacha vidonge vya sonona uanze tiba ya uzingativu, ile ya kujizoesha kuuangalia mwili na mawazo yako bila kujihukumu. Anza, ila vidonge usiviache. Dawa za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, hofu na usingizi wa mang'amung'amu, ukadhani ugonjwa umerudi. Uingereza walipowafuatilia watu 424 kwa miaka miwili, matokeo yakatoka 2015, walioendelea na dawa 47% walirudiwa na sonona, na waliofanya tiba hii 44%. Karibu sawa. Lakini hao wa pili walipunguziwa dawa kidogo kidogo, daktari akisimamia.

Tiba hii waliitunga wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale kwa ajili ya sonona ya kurudirudi kama yako. Ni wiki 8 kwenye kikundi, kikao cha saa mbili kila wiki, na nyumbani mazoezi ya kama dakika 45, siku 6 kwa wiki. Hapo nyumbani ndipo wengi hukwama.

Mtaanza na kupitia mwili. Unalala chali, unaanzia vidole vya mguu wa kushoto, unapanda polepole hadi utosini, kila kiungo unakisikia kilivyo: joto, ganzi, au hata usisikie kitu. Julai, na baridi ya hapo Uyole, Mbeya, tandika godoro, vaa soksi, jifunike blanketi, maana mwili uliotulia hupoa upesi. Ukisinzia, kaa kitako.

Akili itakimbilia ada na bei ya viazi. Wengi hapo husema "mimi siwezi", wakaacha. Jamani, kushtuka kwamba imeondoka na kuirudisha bila kujikaripia ndiyo zoezi lenyewe! Usitafute utulivu. Unajizoesha kuliona wazo la "sina faida" likiwa bado wazo tu, kabla halijakuburuta.

Waliopitia tiba hii husema kuwasikia wenzao kikundini kuliwapunguzia upweke na aibu. Wengine wiki za mwanzo huzidiwa, yaliyofukiwa yakifukuka. Ikikutokea, mwambie mwalimu, usipotee kimyakimya.

Na andika dalili zako za mwanzo sasa, ukiwa mzima: kuamka saa tisa usiku, kutopokea simu, kukwepa jumuiya. Mpe shemeji hiyo karatasi. Akiona mbili zimefuatana, akupeleke kliniki ya afya ya akili, hata kama unamwambia uko salama. Ukianza kuwaza kufa, msingoje siku ya kliniki, nendeni hospitali saa hiyohiyo.